Dakika chache kabla ya kuitwa "Mama!"

Habari za jioni akina mama. Alhamisi saa tatu usiku, watoto wakishalala, tutazungumza hapahapa kuhusu kile kipande kati ya kutoka kazini na kufungua mlango wa nyumbani. Wengi wetu hatuna kipande hicho kabisa: tunaingia ndani bado tunamjibu bosi kwenye simu, huku mtoto anavuta sketi akitaka kuonyesha daftari.

Kabla ya hapo jaribuni hili. Zima sauti ya simu, kaa peke yako, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita au nane. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi. Hata chooni panatosha, msinicheke.

Anayeambiwa anadeka akisema kazi imemchosha kupita kiasi ajue kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kupindukia kuwa unatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Halikuuita ugonjwa, nami siuiti uvivu.

Sauti za kurekodi zisizidi dakika mbili, tafadhali. Atakayesinzia katikati asiombe radhi.