Barua kwa Nekesa: omena wa Zuhura

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi tu wazima, ila joto limetuzidi. Kimya changu kisikuudhi. Barasa amekwisha kukueleza ya muhula huu. Leo nina ombi.

Vijana wa klabu ya sayansi, wale wa Gredi ya 9, wanaandika hadithi za anga. Sharti ni moja tu: kisivunjwe kilicho kweli. Akinyi kaandika kuhusu binti anayeishi kwenye sayari ya Zuhura, anayeanika omena nje ya nyumba. Wenzake wakamrukia: kule joto ni kama nyuzi 465, hata madini ya risasi huyeyuka, omena watakuwa majivu! Mmoja akakataa. Hewa ya kule karibu yote ni kaboni dioksidi, oksijeni ya kuwashia moto itoke wapi? Watageuka makaa, si majivu. Nekesa, walibishana hadi askari akaja kufunga lango!

Akinyi hakufuta hadithi. Alikwenda kusoma mwenyewe, akarudi na jambo ambalo sikumfundisha: Zuhura hulizunguka jua kwa siku 225, lakini kujizungusha yenyewe mara moja huchukua siku 243. Sasa binti wake anatimiza mwaka kabla sayari haijamaliza kujizungusha mara moja. Mtoto huyo huyo ukimpa swali la kujaza pengo, jioni kashasahau.

Kuna mwalimu mwenzetu anayesema tunawapotezea muda wa kudurusu. Simkubalii hata kidogo. Mvulana mwingine anaandika kuhusu mvuvi wa Malindi aliyeona setilaiti ya Uhuru ikirushwa kutoka jukwaa la baharini tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na wengi wa vijana hawa hawakuwahi kuisikia!

Linalonisumbua ni lugha. Wakishapata takwimu wanazirundika, mhusika anapotea. Hesabu nitazikagua mimi. Usimulizi ni wako. Wale omena pekee ndio walioponea, kwa sababu kila mtu aliwaona wakiungua.

Je, utaweza kuja Jumamosi moja kabla shule hazijafungwa? Au nikutumie daftari kwa matatu ya Nakuru? Wanafunzi wako huko Njoro nao wataandika, tubadilishane? Ile darubini ya mjomba bado ipo? Na goti la Mama linaendeleaje? Nijibu upesi, wananiuliza kila siku nani atawasomea.

Wako,
Atieno