Kuhusu kikao cha Alhamisi
Wapendwa, habari za jioni. Kikao cha asasi za kijamii na wawekezaji wanaoweza kugharamia huduma zao kipo palepale, Alhamisi saa nne asubuhi. Wenzetu wa asasi, msije na picha tu. Njooni na hesabu: mnamhudumia nani, kwa gharama gani, na mtajuaje kwamba hali yake imebadilika. Mara iliyopita tulikwama hapo hapo (nami nikiwemo).

Chukueni mfano: kule Peterborough, Uingereza, mwaka 2010 wawekezaji waligharamia huduma kwa watu waliotoka gerezani, wakikubali kulipwa iwapo tu kurudia makosa kutapungua. Kulipungua kwa asilimia 9, wakalipwa. Kipimo kilikubaliwa kabla ya fedha kutoka.

Nanyi wawekezaji, faida ya haraka msiitafute hapa. Anayekuja aniandikie leo, nipange viti.