YAH: KUNYIMWA PIKAPU NILIYOLIPIA ARBUNI, ETI SINA LESENI

Kwa Meneja,

Salamu. Nawaandikia kwa adabu, ingawa niliyotendewa kwenye yadi yenu Jumatano hayakuwa na adabu.

Mlijua tangu siku ya kwanza kuwa siendeshi. Nilimwambia muuzaji wenu kwa kinywa changu: pikapu ni ya kupeleka samaki Mombasa, na dereva ni mwanangu, ana leseni yake. Akasema nilete kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, basi. Nikaleta. Nikatoa na arbuni, shilingi 150,000. Stakabadhi ninayo.

Jumatano nimekuja na salio, karani wenu kashika kitambulisho changu, aniuliza leseni iko wapi. Nikasema sina. Akakisukuma kitambulisho mezani mpaka kikaanguka sakafuni, akasema kwa sauti: "Mama, gari si mtumbwi. Rudi na mwanamume." Ukumbi umejaa wateja.

Leseni ni ya anayeshika usukani. Kumiliki gari ni jambo jingine. Uhamisho wa gari hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: muuzaji anaomba, mnunuzi anakubali, kwa kitambulisho na PIN. Hata kampuni humiliki malori, na kampuni haiendeshi. Ninyi mnauza magari kila siku, haya mwayajua kuliko mimi.

Tena wiki moja kabla ya hapo, karani huyohuyo alinipigia simu akitaka logbuku, hati ya umiliki wa gari, iandikwe jina la mwanangu. Nilikataa. Pesa ni zangu, nimeziweka kidogo kidogo miaka 11 nikiuza samaki. Sasa naona ile leseni ilikuwa kisingizio tu.

Narudia habari ya kitambulisho, maana hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Kiliangukia miguuni pa mteja. Mimi, mtu mzima wa miaka 58, nikainama kukiokota mbele ya mwanangu, na karani amekaa, macho kwenye simu yake. Hakuna aliyesema pole. "Rudi na mwanamume." Mume wangu amefariki, Meneja. Nirudi na nani?

Nataka pikapu yangu kwa bei tuliyoandikiana, na logbuku iwe na jina langu. Ama mnirudishie arbuni yote. Lakini arbuni peke yake haitoshi tena: karani aniombe radhi, hapohapo alipokiangusha kitambulisho, wateja wakisikia.

Nawapa siku 7. Zikipita, naenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na nakala ya barua hii nitaipeleka Mamlaka ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mnunuzi, hata asiyejua kuendesha. Na wachuuzi wenzangu wanaotafuta magari nishawaambia wasikanyage kwenu mpaka nipate jibu.

Mimi mnunuzi wenu,
Malindi