Risala ya Klabu ya Sayansi na Uandishi kwa Mgeni Rasmi: Sayari ya Mwitu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mfano ulio mbele yako ni Mwitu, sayari ya kubuni iliyojaa msitu. Hilo bakuli la kioo lililofunikwa ni kuba la walowezi 40 wa kwanza. Katika hadithi nyingi za anga mlowezi hushuka, huchuma tunda, hula, na maisha yanaendelea. Sisi hatuamini hivyo. Hewa ya huko haijapimwa, kwa hiyo kuba limezibwa na lina kimsitu chake ndani.

Vipimo tumevitoa Arizona, Marekani. Kuanzia Septemba 1991 hadi Septemba 1993, watu 8 walijifungia katika jengo la vioo liitwalo Biosphere 2, lenye hekta 1.27, pamoja na msitu wa mvua, mashamba na mbuzi. Katika miezi 16 oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi 14 na ushee, wakawa wanahema kama mtu aliyepita Horombo kule Kilimanjaro. Mkosaji alikuwa udongo. Ulijazwa mboji kupita kiasi ili mazao yastawi, na bakteria walioiozesha wakatumia oksijeni nyingi kuliko iliyotolewa na mimea. Kaboni dayoksaidi nayo haikupanda kama ilivyotarajiwa, maana sehemu yake ilikuwa ikinywewa na zege tupu la kuta. Januari 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje.

Ndiyo maana Mwitu zege linapakwa rangi ya kuziba kabla ya mlango kufungwa, na mboji inawekwa kwenye matuta ya mboga tu. Mtu mmoja hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Watu 40 ni kama kilo 34. Akiba ya siku 90 ni tani 3, nayo ndiyo hayo matangi ya bluu. Feni si pambo: kule Arizona miti ililegea kwa kukosa upepo wa kuitikisa. Wachavushaji wengi pia walikufa, sisimizi wakatamalaki, hivyo maua ya maboga yatachavushwa kwa brashi, asubuhi yakiwa yamefunguka.

Tunaomba uwashe taa hiyo. Hewa ikipata joto hutanuka, na puto jekundu pembeni litajaa polepole. Hilo ni pafu la kuba; bila pafu, vioo vingepasuka adhuhuri ya kwanza.

Mheshimiwa, tuna ombi moja: kipima oksijeni. Tutajaza chupa tatu, ya kwanza mchanga, ya pili mchanga na mboji nusu kwa nusu, ya tatu mboji tupu. Kila moja itapandwa mche wa kunde, izibwe kwa nta, kisha isomwe kila asubuhi kwa siku 30. Bila kipimo hicho, asilimia ya mboji katika matuta ya Mwitu tunaikisia tu.

Tunaomba kuwasilisha.