Malalamiko: barua yenu ya rufaa ya mstari mmoja kwa bingwa wa fizi

Kwa Meneja wa Kliniki,

Salaam. Najitahidi kuandika kwa heshima ila mtanisamehe nikiteleza.

Barua mliyonipa niende nayo kwa bingwa wa fizi ilikuwa na mstari mmoja. Nimesubiri nafasi miezi 3, naingia ndani, bingwa anafungua bahasha, anasoma, anaigeuza karatasi nyuma, hakuna kitu, anaitikisa na bahasha yenyewe labda kuna nyingine imenasa. Halafu ananiuliza mimi, vipimo vya fizi viko wapi? Mimi!

Taratibu zenu mnazijua wenyewe. Lakini daktari wenu alinipima, nilimsikia akimtajia nesi namba, tano, sita, saba, kile kichuma kinachoma huku natema damu. Zile namba zimeenda wapi? Bingwa kanieleza fizi ikiwa na afya kichuma kinazama kati ya jino na fizi milimita 1 mpaka 3 tu, sasa mtu ana 7 halafu barua haina hata namba moja! Eksirei mlinipiga, hamkuiambatanisha, nikapigwa upya. Kisukari changu hakikutajwa na wakati kisukari na fizi vinaharibiana. Natumia amlodipini ya presha, ni dawa ambayo kuna watu inawavimbisha fizi, nilimwambia daktari wenu na akaiandika kwenye kompyuta nikiona, barua kimya. Hata kule kukwanguliwa ugaga chini ya fizi mara 2 hamkuandika, kwa hiyo bingwa akaona kama sijaguswa kabisa, akasema rudi ulikotoka wakusafishe kwanza.

Nimesahau, siku naichukua hiyo barua nilimwambia dada wa mapokezi mbona bahasha nyepesi hivi, akacheka, akasema hayo ni mambo ya madaktari.

Narudia ile ya kwa bingwa maana naona nimeisema kwa upole mno. Mtu mzima nimelazwa kwenye kiti, taa usoni, mdomo wazi, siwezi hata kujitetea, na bingwa anamsomea mwanafunzi wake kwa sauti, "Fizi. Tafadhali muone." Basi. Akauliza, "Hiyo tu?" akaitikisa bahasha, yule mwanafunzi akageukia ukutani mabega yanamcheza kwa kicheko. Wananicheka mimi au nyie? Mpaka leo sijui, ila aliyekuwa kwenye kiti ni mimi.

Jino la mbele la chini lilikuwa linacheza kidogo, sasa hivi nalisukuma kwa ulimi linakwenda.

Naomba barua mpya ndani ya siku 7, yenye vipimo vya kila jino, yapi yanacheza, eksirei, magonjwa yangu, dawa zote na matibabu mliyofanya na lini. Sivuti sigara, hilo nalo liandikwe, maana bingwa aliniuliza pia. Na hela ya eksirei ya pili mtanirudishia. Na daktari aliyesaini anipigie yeye mwenyewe aniombe radhi, sio dada wa mapokezi. Tena siku 7 ni nyingi, nawapa 5, zikipita napeleka faili zima kwa wanaosimamia leseni za madaktari wa meno, na hilo jino likitoka mtalilipia.

Nakala ya barua yenu naiambatanisha hapa. Haitawachukua muda kuisoma.

Mgonjwa wenu, kwa sasa.