Barua ya wazi kwa Meya wa Hoorn, Uholanzi: kibao cha Coen kitaje mashamba

Mheshimiwa Meya,

Kibao kilichowekwa mwaka 2012 chini ya sanamu ya Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa VOC (kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Asia), kinasema maelfu ya Wabanda, wenyeji wa visiwa vya Banda katika Indonesia ya leo, walikufa mwaka 1621, kwa kuwa waliwauzia Waingereza kungumanga kinyume cha amri ya VOC. Kimenyamaza mapema mno.

Kwa nini waliuza? Visiwa vya Banda havikujitosheleza kwa chakula. Mchele na sago vililetwa na wafanyabiashara wa Java, Makassar na Seram, wakaondoka na kungumanga. VOC ilitaka mazao yote iuziwe yenyewe, huku ikileta vitambaa vya sufu visivyovalika katika joto lile. Kuitii amri hiyo ni kulala njaa.

Coen alisomea uhasibu Roma, na inaonekana. Tarehe 8 Mei 1621 wazee 44, orang kaya, waliuawa na mamluki wa Kijapani kwenye ngome ya Nassau. Wakazi walikuwa kama 15,000. Wakabaki 1,000 hivi. Wakurugenzi wa VOC walimkaripia Coen kidogo, kisha wakamtunuku gilda 3,000.

Ardhi iliyoachwa tupu iligawanywa mashamba 68 katika visiwa vitatu: 34 Lonthor, 31 Ai, 3 Neira. Kila shamba lilipangiwa watumwa 25. Mwenye shamba aliiuzia VOC tu, kwa bei iliyopangwa na VOC, na watumwa na mchele akavipata kwao hao hao.

Ila kungumanga haitaki nguvu tu. Kuna miti dume na jike, na hutambuliwa ikishachanua, miaka kadhaa baada ya kupandwa. Anayepanda bila kujua hujaza shamba madume yasiyozaa. Tunda likipasuka, basibasi, utando mwekundu unaoizunguka kokwa, huambuliwa na kuanikwa peke yake. Kokwa hukaushwa kwa moshi wa moto mdogo kwa wiki nyingi, mpaka kiini kisikike kikigonga ndani ukilitikisa. Moto ukizidi, mafuta yake huyeyuka na mzigo umeharibika. Wageni hawakuyajua hayo, ndipo Wabanda wachache wakawekwa mashambani, utumwani, wawafundishe kazi kwenye ardhi iliyokuwa yao.

Tunaomba kibao kiongezewe mambo matatu: chakula ambacho VOC haikuleta, mashamba 68, na watumwa walioyalima. Nafasi ikikosekana, anzeni kwa kufuta sifa ambazo kibao kinampa Coen za uongozi wenye maono.