Gari langu lilikuwa halina thamostati

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu thamostati, kifaa kinachoenea kiganjani cha kudhibiti joto la maji ya injini, ambacho mafundi wetu wanakitupa kama ganda la ndizi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, Iringa. Nina Carina Ti niliyonunua kwa mtu. Mwezi wa nane, nikitoka Morogoro, ilichemsha katikati ya Mlima Kitonga. Utingo wa lori akanipigia kelele nisithubutu kufungua mfuniko wa rejeta. Nilikuwa najua, lakini nilimshukuru.

Fundi wa kwanza alinibadilishia rejeta. Wa pili akabadilisha feni. Kitonga ikanishinda tena. Ndipo nikasema basi, nitafungua mwenyewe. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilikinga beseni, nikafuata mpira wa chini wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini, nikafungua nati mbili kwa spana namba 10. Ndani patupu, thamostati haimo.

Fundi nilipomuuliza alicheka. "Mama, hiyo ni ya nchi za baridi. Huku tunazitoa."

Hapana, mwanangu. Kwenye injini kama yangu ya 5A, thamostati ikifunguka, kwenye nyuzi 82 hivi, inaruhusu maji ya rejeta yaingie, na papo hapo kisahani chake cha nyuma kinaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huzungukia humo humo ndani. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi siku zote, na maji mengine hayaonani na rejeta kabisa. Tambarare hutajua. Mlimani utajua. Tena bila thamostati injini huchelewa kupata moto: asubuhi za Juni mshale wa joto ulikuwa hauinuki mpaka nifike sokoni. Mwalimu mzima, dalili hiyo niliiona nikaipuuza.

Nilinunua mpya, nikaichemsha kwanza kwenye sufuria. Huku kwetu juu maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo ikiwa maji yanatokota nayo bado imefumba, ni mbovu. Ya kwanza ilifumba kabisa. Niliirudisha dukani ikiwa bado ya moto. Ya pili ilifunguka polepole kama mdomo wa kinda. Nikaifunga, kile kipini kinachochezacheza kikiwa juu ili hewa ipite, nikajaza koolanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya bomba, nikaacha injini iungurume bila mfuniko mpaka mapovu yakaisha.

Ombi langu kwa mafundi: mkitoa kitu kwenye gari la mtu, mwambieni, au andikeni kwenye risiti. Anayelinunua kesho atajuaje?

Tangu hapo nimepanda Kitonga mara tatu. Kilichobaki ni rejeta yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote. Fundi alibaki nayo, na bado naidai.

Mwalimu mstaafu,
Iringa